Pua Niliyoiacha Uwanjani

Kila asubuhi, kabla sijatoka, namwuliza mdogo wangu swali lile lile.

"Nanuka?"

Husogea karibu, hunusa shingo yangu na mabega kama mtu anayekagua mzigo, kisha hutoa jibu. Akiwa na haraka husema, "Hunuki." Akiwa na furaha husema, "Unanuka digrii." Siku tukiwa tumegombana hukataa kabisa kunusa, na siku hiyo naoga mara mbili, nafua upya blauzi iliyokuwa safi, na bado nafika kazini nimebana mikono mbavuni, nikimtazama kila anayeingia nione kama atakunja uso.

Siwezi kunusa. Pua yangu inapumua vizuri na hupata mafua kama ya mtu yeyote, lakini tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba haijaniletea harufu hata moja. Mpira wa magongo ulinigonga juu ya nyusi ya kulia jioni moja ya mazoezi, na aliyeupiga alikuwa rafiki yangu kuliko wote. Hakujua mpira ule uliondoka na nini. Nilimficha kwa miaka minane. Ninayoandika hapa ni jinsi alivyokuja kujua.

Mdogo wangu husema mimi ndiye mpangaji niliyezaliwa kwa ajili ya Obunga, mtaa wetu hapa Kisumu. Nyuma ya chumba chetu wanawake hukaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu, na moshi wa mafuta yale huingia dirishani tangu asubuhi. Wageni wetu huchagua kuketi karibu na mlango. Mwenzangu mmoja wa chuo alikuja mara moja, akanywa nusu kikombe cha chai, akasema amekumbuka ana mkutano. Mimi huacha dirisha wazi. Naona moshi, nasikia mafuta yakilia, koo linawasha kidogo, basi.

Hasara zake ni ndogo ndogo, ila hazilali. Maziwa hayapiti kinywani kwangu kabla mtu mwingine hajayanusa. Nikinunua nguo ya mitumba sokoni Kibuye lazima niende na mdogo wangu, kwa sababu mara moja nilivaa sweta kwenda kwenye usaili, nikaambiwa baadaye kwamba ilinuka kabati la mtu aliyekufa. Kazi ile sikuipata, na hadi leo sijui kama ni sweta au ni majibu yangu. Gesi nimeikataa kabisa. Tunapika kwa makaa, na yeye, ambaye rafiki zake wote wana mitungi ya gesi, huninunia kila akipuliza jiko. Chakula kwangu ni chumvi, sukari, ndimu na pilipili. Kilicho katikati ya hivyo vinne nakitafuna kwa heshima tu.

Nafanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, nikiwajazia watu fomu na kuwachapia barua za kuomba kazi ambazo mimi pia naziomba. Mchana wateja wakipungua nasoma habari za majeraha kama langu. Karibu kila ninachopata kinahusu wale wanaocheza magongo juu ya barafu, kule nchi za baridi, wanaogongwa na kisahani cha mpira mgumu. Wameandikiwa sana. Wapo wanaoumwa na kichwa miaka mingi baada ya kuacha mchezo, wapo wasiovumilia mwanga, wapo waliopoteza meno, jicho, usingizi, na wachache waliopoteza harufu kama mimi. Nawasoma kama mtu anayesoma barua za ndugu asiowahi kuwaona. Wao huvaa helmeti zenye wavu wa chuma na bado wanaumia. Sisi tulivaa sketi, na mwalimu alituombea kabla ya mechi. Nimetafuta aliyeandika habari za msichana aliyegongwa kwenye kiwanja cha changarawe karibu na Ziwa Victoria. Sijampata. Kwa hiyo dalili zangu nazipima kwa kuazima za kwao: kichwa kikiniuma saa nane mchana jua likiwa kali, najiuliza kama ni jua, au ni njaa, au ni mpira ule ule bado unaniingia polepole.

Shule yetu ya wasichana ilikuwa juu kidogo ya ziwa, na pande hizi msichana akishika gongo hakuna anayeshangaa. Mpira wenyewe ni mweupe, mkubwa kama chungwa dogo, na mgumu kama jiwe. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa mpigaji wetu. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na akipiga, sauti ilifika hadi jikoni. Wapishi walikuwa wakisema huyo amepiga, bila kugeuka. Mimi nilikuwa mlinzi. Nilikuwa na mbio na woga, na mwalimu alisema mlinzi mwenye woga ni mzuri kwa sababu anaona hatari mapema.

Kwenye kona ya adhabu walinzi husubiri nyuma ya mstari wa goli. Mpira unasukumwa nje hadi kwa mpigaji, na ukishasukumwa tu mlinzi wa kwanza anachomoka kumkabili. Katika mazoezi mlinzi wa kwanza nilikuwa mimi na mpigaji alikuwa yeye, kwa hiyo tulikuwa na mapatano yetu wawili. Mimi nikimbie upande wa jikoni. Yeye apige upande wa barabara. Hivyo kila mmoja angefanya kazi yake bila kumuumiza mwenzake. Tulifanya hivyo muhula mzima, na hatukuwahi kumwambia mtu.

Jioni ile mwalimu alikuwa na karatasi. Alikuwa anachagua wa kwenda kwenye mashindano, na nilikuwa nimemwona akiandika mara nyingi huku akimtazama rafiki yangu, na mimi hajaniandika hata mara moja. Nikawaza kama nilivyozoea kuwaza, haraka na kupita kiasi. Najua atapiga upande wa barabara. Hakuna mwingine anayejua. Nikihamia huko mara moja tu, nikauzuia mpira wake mara moja tu, mwalimu ataniona. Mpira ukasukumwa. Nikachomoka. Nikahamia upande wa barabara.

Mpira ulikuja chini kama siku zote, ukagonga kokoto, ukaruka.

Sikumbuki maumivu. Nakumbuka rafiki yangu akipiga magoti juu yangu, akivua soksi yake ya mchezo na kunifunga nayo kichwani, akisema "nyamera, nyamera, nyamera", yaani dada yangu, kana kwamba neno hilo lingezuia damu. Soksi ilinuka vumbi na jasho na mchaichai, kwa sababu nyuma ya jiko la shule kulikuwa na kichaka cha mchaichai, na kabla ya mazoezi tulikuwa tukiponda majani yake viganjani ili visishike harufu ya mpira wa mshikio wa gongo. Nadhani hiyo ndiyo harufu ya mwisho niliyowahi kunusa. Sina hakika. Inawezekana nimeitunga baadaye, kwa kuwa nilihitaji ya mwisho iwe na maana.

Nilishonwa, nikapelekwa nyumbani kupumzika. Siku ya tatu mama alikuwa anakaanga samaki uani, akaniachia sufuria aende kuita mtu. Nilikaa pale pale kando ya jiko nikiwaza mambo yangu. Aliporudi samaki walikuwa makaa.

"Kwani huna pua?" alifoka.

Ni maneno ambayo kila mama husema. Nilifungua kinywa nimjibu, kisha nikavuta pumzi, nikavuta tena. Nikaenda kwenye debe la mafuta ya taa, nikaweka pua juu ya mdomo wake. Hakuna. Kwenye sabuni. Hakuna. Mama akasema ni mafua, akanifunika blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini unaochemka hadi jasho likaloweka bandeji.

Daktari ndiye aliyenieleza, kwa kalamu, nyuma ya kadi yangu. Juu ya pua kuna nyuzi nyembamba za neva zinazopita katika vitundu vya mfupa. Kichwa kikitikiswa ghafla nyuzi zile zinaweza kukatika. Huenda zikaota tena, huenda zisiote. "Tuangalie mwaka mmoja," alisema. Mwaka ukapita, tukaangalia, nikaacha kurudi.

Niliporudi shuleni rafiki yangu alikuwa ananisubiri langoni, mkono mgongoni. Alikuwa ameficha majani ya mchaichai. Aliyaponda mbele yangu, akaniletea viganja vyake puani.

"Nusa, upone."

Macho yake yalikuwa mekundu. Walinzi wa lango waliniambia baadaye kwamba alikuwa amekuja pale kila siku nilipokuwa nyumbani. Ningesema nini? Nilivuta pumzi katika viganja vile, nikapata ubaridi tu.

"Tamu," nikasema.

Uongo mmoja unahitaji ulinzi, na mimi nilikuwa mlinzi. Nilianza kuogopa kukaa naye. Yeye ni mtu wa harufu. Kila mara alikuwa anasema sikia maandazi, sikia mvua inakuja, nani amepaka mafuta gani. Nikaogopa siku moja atasema sikia, nami nitajibu vibaya, na atajua kwamba mpira wake ulinichukulia kitu kisichorudi. Na nikimwacha ajue hilo, itabidi nimwambie na lile jingine, kwamba mapatano niliyavunja mimi. Nikaacha kwenda uwanjani. Kutoka darasani kwenda bwenini nikawa nazunguka nyuma ya maktaba, njia ndefu isiyopita karibu na kiwanja. Wiki chache baadaye nikasikia ameacha magongo. Sikumuuliza kwa nini. Tukamaliza shule. Mimi nikaenda chuo, yeye akaenda Port Victoria kwa shangazi yake, kwenye biashara ya samaki. Kila mwaka tulitumiana heri za siku ya kuzaliwa, zenye maua ya kwenye simu.

Watu wakijua hali yangu huniuliza natamani harufu gani zaidi, wakitarajia niseme manukato au nyama ya kuchoma. Natamani ile harufu ya mvua inapotoka ziwani kuja mjini, kabla tone la kwanza halijaanguka, ambayo watu wa Kisumu wote huisikia na kuanza kuanua nguo huku mimi nashangaa wanakimbilia wapi. Natamani kitambaa cha kichwa cha mama. Natamani hata gugumaji likioza ufukweni. Lakini nikichimba sana, chini ya zote kuna viganja vya msichana mmoja vyenye majani yaliyopondwa. Jina la harufu ile nalikumbuka. Harufu yenyewe imekuwa kama uso wa mtu niliyemwona mara moja barabarani. Najua ulikuwepo, siwezi kuuchora.

Mwaka huu alinitumia ujumbe wa sauti.

"Nyamera, hii Jumamosi usiniambie uko bize. Nimepata banda yangu. Yangu mimi, si ya auntie. Kuja uone. Kuja tu hivyo ulivyo."

Niliusikiliza hadi mdogo wangu akatishia kuitupa simu. "Hivyo ulivyo" ilinisumbua. Alimaanisha nije bila zawadi? Au alisikia kwamba sina kazi ya maana? Au anajua?

"Anamaanisha uende," mdogo wangu alisema. "Watu wengine wakisema kitu, wanamaanisha hicho kitu."

Nilifika Port Victoria mitumbwi ya asubuhi ikiwa bado inateremsha. Nilimtambua kwa mabega. Alikuwa amevaa gambuti na aproni ya plastiki, amesimama mbele ya banda jipya la mabati, anamfokea mvuvi mmoja mzee mwenye kofia ya sufu. Aliponiona aliacha sentensi katikati.

"Yawa! Ona mtu! Umekonda kama omena ya wiki jana!"

"Na wewe umekuwa mama mwenye nyumba."

"Mama mwenye banda. Nyumba iko njiani."

Alinikumbatia akiwa ameinua mikono yake ili asinichafue, kisha akashindwa kujizuia, akanigusa kovu kwa kidole gumba chenye magamba.

"Iko bado."

"Iko."

"Inauma?"

"Hapana," nikasema, na hilo lilikuwa kweli. Kovu haliumi.

Alinionyesha meza yake aliyoipigilia bati, ndoo zake, kufuli yake. Kufuli aliifungua na kuifunga mara mbili. Kisha mvuvi akaita tena, na akanigeukia, "Chagua mwenyewe samaki ya kupeleka Kisumu, mimi nimalizane na huyu mzee." Mkono wake ulipunga kuelekea mezani.

Mezani kulikuwa na ngege, wale perege wa ziwani, waliopangwa vizuri. Lakini chini, kando kabisa, nikaona beseni la buluu limefunikwa kwa gunia. Na mimi, badala ya kuchukua samaki aliye mbele yangu, nikaanza kufikiri. Kwa nini limetengwa? Kwa nini limefunikwa? Amenitengea. Amechagua walio bora tangu alfajiri, na hatasema, anataka nigundue. Nikichukua wa mezani nitakuwa nimeukanyaga wema wake. Nikainama, nikafunua gunia.

Kukagua samaki kila mtu wa ziwani anajua. Unafunua shavu utazame kama matamvua bado ni mekundu. Unabonyeza ubavu kwa kidole gumba uone kama nyama inarudi. Kisha unasogeza pua. Mambo mawili ya kwanza nayafanya vizuri kuliko watu wengi, kwa sababu ndiyo yaliyonibakia. La tatu naliigiza. Matamvua yalikuwa mekundu, nyama ilirudi. Nikamleta ngege yule puani, nikafumba macho, nikavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilihisi ninatazamwa.

"Aa, huyu ni safi kabisa," nikasema kwa sauti. "Ananuka ziwa tu."

Wanawake wa meza ya jirani wakageuka. Mvuvi ndiye aliyeanza.

"Mama, huyu mgeni wako ni injini?"

"Mjazie lita mbili," mwanamke mmoja akadakia, "arudi Kisumu mbio!"

Wakacheka wote, wakipigana mabegani. Nami nikacheka, kwa kuwa mtu asiyeelewa mzaha hucheka kwanza. Rafiki yangu hakucheka. Alikuja, akamtoa samaki mkononi mwangu, akamnusa, na kichwa chake kikarudi nyuma chenyewe.

"Hiyo beseni petroli ilimwagikia kwa boti," alisema polepole. "Nilimwambia huyu mzee azirudishe. Nyamera, mimi niliisikia nikiwa huko kwa maji."

Alinishika kifundo cha mkono, akanipeleka nyuma ya banda.

Nyuma kulikuwa na ndoo mbili zilizopinduliwa. Hatukuketi.

"Husikii harufu," alisema.

"Nina mafua."

"Nyamera."

Nikatazama gambuti zake.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Alitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyeambiwa ina kitu.

"Na ile majani nilikuletea kwa gate? Ukaniambia tamu?"

"Nilikudanganya."

"Na ule uji wangu ulioungua? Ukamaliza kikombe, mimi nikaambia watu wewe una roho safi?"

"Huo sikujua umeungua."

Kicheko kilimtoka, kisha kikamgeuka kabla hajakimaliza, akafuta macho kwa sehemu ya juu ya mkono, ile isiyo na magamba.

"Miaka nane," alisema. "Miaka nane umenifanya mtoto. Ulifikiri nikijua nitakufa?"

Hapo nikaona nikinyamaza sasa sitasema tena kamwe. Nilimwambia. Nilimwambia kuhusu karatasi ya mwalimu, na upande wa jikoni, na upande wa barabara, na kwamba mpira wake ulienda pale pale tulipokubaliana uende, ni mimi niliyehama. Nilisema haraka, nikirudia rudia, nikirekebisha maneno, nikieleza nilichowaza kwanza na nilichowaza pili. Aliniacha hadi pumzi ikaniisha.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Kwani nilikuwa nimefunga macho? Nilikuona ukihama. Gongo ilikuwa imeshashuka, singeweza kuzuia. Na nilijua mbona umehama. Mwalimu alikuwa na ile karatasi yake. Hata mimi nilikuwa naringa." Alipangusa pua. "Hiyo nilikusamehe kabla ufike chini."

"Basi kwa nini uliacha kucheza?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu ambacho kila mtu ufukweni anakijua.

"Kwa sababu ulikuwa unapita nyuma ya maktaba."

Aliichora njia ile hewani kwa kidole.

"Kila jioni nikiwa uwanjani nakuona," alisema. "Unazunguka huko mbali, kichwa chini, ndio usinipite. Nikasema sawa, huyu hataki kuniona na gongo. Nikaweka gongo. Nikangoja. Hata bila gongo hukukuja."

Nimewaza mambo mengi maishani. Nimewaza magonjwa nisiyo nayo, na maswali ya usaili ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Kwa miaka minane niliwaza juu yake karibu kila siku, jinsi atakavyoumia akijua, jinsi ninavyomlinda. Kumbe alikuwa anaitazama njia ya nyuma ya maktaba. Hilo sikuwahi kuliwaza hata mara moja.

"Nilikuwa naogopa," nikasema.

"Najua unaogopa. Wewe umezaliwa unaogopa. Ungekuja uogopee karibu na mimi."

Maji ya kunawia mikono yalikuwa yanatiririka kutoka bandani, na pale yanapoishia kulikuwa na kichaka cha majani marefu yenye makali. Nilikuwa nimekitazama muda wote bila kukiona. Aliinama, akakata majani kadhaa kwa kisu cha kuparia samaki, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, akayaponda viganjani kwa nguvu, kama alivyofanya zamani. Kisha akanifunika pua na mdomo kwa mikono yake yote miwili.

"Vuta."

Nikavuta. Mikono yake imekuwa migumu, na kidole kimoja kina kovu la mwiba ambalo silijui.

"Sasa?"

"Baridi."

"Na nini?"

"Baridi tu."

Hakuiondoa mikono mara moja. Nilihisi mshipa wa kidole chake ukipiga juu ya shavu langu. Nyuma yetu mtu alikuwa anaita bei na mwingine anaikataa.

"Inanuka aje?" nikamwuliza kutoka ndani ya viganja vyake. "Niambie."

Aliileta mikono kwenye pua yake mwenyewe. Yeye si mtu wa kupanga maneno. Alinusa, akatazama maji, akanusa tena.

"Inanuka saa kumi na moja jioni," alisema.

Na nikaona vyote. Mfuko wa mipira unaoburutwa, kivuli cha goli kimelala hadi katikati ya kiwanja, wapishi wasiogeuka, soksi zilizokunjwa, yeye anapiga gongo lake chini mara mbili kuniambia yuko tayari. Vyote vilikuja, kimoja kimoja, isipokuwa ile harufu, iliyobaki nje kama mtu asiyejua kama amealikwa.

Tuliporudi mbele alichukua ngege watatu kutoka mezani. Alimnusa kila mmoja taratibu, pande zote mbili za shavu, akanifungia. Mvuvi alikuwa bado ana hamu ya mzaha.

"Mgeni, petroli umeacha?"

"Mzee, nyamaza," rafiki yangu alimwambia. "Huyu ni wa timu yetu."

Kabla sijaondoka alichimba kipande cha mchaichai pamoja na mizizi yake, akakifunga kwa karatasi ya plastiki yenye udongo.

"Panda. Kila asubuhi ponda jani moja, nusa, uniambie."

"Daktari alisema mwaka mmoja. Umeshapita zamani sana."

"Daktari alicheza na sisi?"

Nimeupanda katika mkebe wa siagi, dirishani, pale moshi wa mgongo wazi unapoingia. Umeshika. Mdogo wangu analalamika kwamba chumba chetu sasa kina samaki na chai kwa pamoja, na nikimwuliza kama nanuka husema, "Unanuka chai isiyo na sukari," nami naondoka bila kuoga mara ya pili. Najua yaliyoandikwa kuhusu wale wachezaji wa barafuni, najua baada ya miaka hii yote nyuzi zile haziwezi kutarajiwa. Nimeyasoma mara nyingi. Bado kila asubuhi nakata jani, naliponda, naleta viganja vyangu puani na kufumba macho, na safari hii sifumbi kwa ajili ya mtu anayetazama. Kisha namwandikia neno moja.

"Bado."

Jibu lake huchelewa, kwa sababu asubuhi mikono yake ina magamba. Huja kama saa tatu, wakati mimi nimeshafungua saiba na mteja wa kwanza ananisomea jina lake herufi kwa herufi.

"Sawa," huandika. "Mimi nimenusa yangu leo. Iko vile vile."